Jagwa wa Mguu Mmoja

Mimi simwamini mtu anayetia sukari kwenye yerba, chai yetu chungu ya kunyonya kwa mrija. Nalisema mapema ili mjue nilivyo, na ili msinilaumu kwa namna nilivyompokea Lisandro Acuña, mlinzi mpya wa hifadhi yetu, siku aliyoshuka kwenye basi la mji mkuu akiwa na sanduku moja, darubini shingoni na mkebe wa sukari mkononi. Kijana wa miaka thelathini hivi, nywele kazifunga nyuma, na kufika jioni anawasalimia watu kwa majina kabla hajatambulishwa kwa yeyote. Majina yetu aliyatoa wapi? Hilo ndilo swali langu la kwanza kwake, na sikumuuliza, kwa sababu mtu wa namna hiyo ukimuuliza anakupa jibu zuri.

Asubuhi yake alikuja mpaka kwenye kibanda changu pale langoni, kibuyu cha yerba mkononi, mrija umesimama wima, akaninyooshea.

"Karibu, doña Delmira. Maji nimeyatoa motoni sasa hivi."

"Ninacho changu," nikamjibu, na nikaendelea kugeuza torta, mikate yangu ya kukaanga, kwenye mafuta.

Hapa kwetu Puerto Alisal kukataa kibuyu cha mtu ni kumwambia usoni kwamba humwamini. Kibuyu ni kimoja, mrija ni mmoja, mnazungushiana mdomo kwa mdomo. Ukikirudisha kimya, mwenyewe anakujazia tena. Ukisema asante, maana yake umetosheka na hutaki kingine. Mimi sikumfikisha hata kwenye asante. Yeye akatabasamu, akanywa mwenyewe, akaenda zake na sukari yake.

Hifadhi yenyewe ni kitu kidogo. Ukiwasha sigara langoni, unaizima ukiwa umeshafika mwisho. Ni ukanda wa matete na kinamasi uliobanwa kati ya mji na mto Paraná, na katikati yake kuna ziwa dogo ambamo yangeyange hujenga viota kila mwaka, mamia yao, kelele tupu na uvundo wa samaki. Mimi sijawahi kuwa mpenzi wa tope. Miaka yote nimeuza torta na empanada, sambusa zetu za samaki, pale langoni bila kuingia ndani, na niliwaangalia walioingia kwa jicho la kujiuliza wanatafuta nini.

Aliyekuwa akiingia kuliko wote ni mume wangu, Evaristo. Zamani alitega nutria, panya wakubwa wa majini, humo kwa ajili ya ngozi, kama baba yake na babu yake, na kibanda alichozaliwa kilikuwa ukingoni mwa lile ziwa. Mahali palipotangazwa kuwa hifadhi, baraza la mji lilimwachia ruhusa moja: mtumbwi wake ndio pekee unaoruhusiwa kuelea ziwani mpaka afe, mradi asivunje sheria yoyote ya hifadhi. Basi kila alfajiri anaburuta ule mguu wake wa kushoto, uliochanwa na pangaboi ya mashine ya boti, anapanda mtumbwi, anakwenda. Havui samaki. Hategi. Nimemuuliza miaka na miaka anafanya nini huko, na jibu lake ni moja, eti anatazama. Mwanzoni nilidhani kuna mwanamke. Nikamfuata kwa macho majira mazima kutoka gati letu la nyuma ya nyumba, na kama kulikuwa na mwanamke basi alikuwa na mdomo mrefu na miguu myembamba ya kusimama majini.

Mwaka huo maneno yalianza mapema. Ferreyra, katibu wa baraza, mwenye tai hata kwenye joto la Januari, alisimama redioni akasema hifadhi haina wageni, inakula fedha za watu bure, na kiangazi kikiisha ardhi itapewa kampuni ijenge mtaa wa nyumba za kifahari wenye ukuta na walinzi. Evaristo aliizima redio, akakaa akiitazama kama vile imemtukana mama yake. Mimi nilihesabu mambo yangu kichwani. Lango likifungwa, kibanda kinakwenda. Lakini zaidi nilimtazama mume wangu, nikaona kwamba mtu huyu bila yale maji atakuwa kiti kingine cha jikoni.

Halafu mto ukafurika. Ukifurika, Paraná hutuletea visiwa vya magugu maji kutoka kaskazini, vikubwa kama uwanja wa kanisa, vimejaa nyoka, vyura na chochote kilichopanda kujiokoa. Hapa hakuna mtoto aliyelala bila kuambiwa kwamba jagwa, chui mkubwa wa misitu ya kaskazini, huja juu ya magugu hayo, na si uongo mtupu, maana walikuja kweli enzi za babu zetu. Kila ukoo una ushahidi wake. Jirani yangu Pocha ana meno mawili kwenye kidani, padri ana kipande cha ngozi chini ya kiti chake, kwetu kuna mguu uliokauka nyuma ya mlango wa jikoni. Kwa hiyo Pocha alipokuja mbio asubuhi moja, kitambaa kichwani kimekaa upande, sikushangaa alilolisema.

"Delmira, jagwa! Unyayo huu, angalia," akanionyesha kwa viganja vyake vyote viwili, "kwenye tope pale kwenye jukwaa la kutazamia ndege!"

"Umeuona wewe?"

"Kwa macho yangu. Kidole kimoja kimepinda. Jagwa mzee, mwenye vita vyake."

"Ulikuwa unafanya nini kwenye jukwaa la ndege wewe?"

"Nachuma mitishamba. Sasa unanihoji mimi badala ya kumwogopa jagwa?"

Ndiyo, nilikuwa namhoji yeye. Lakini kufika mchana mji mzima ulikuwa langoni kwangu. Jumapili yake zikaja gari kutoka miji ya jirani, watoto mabegani, mabibi na viti vyao vya kukunja. Unga ukaniishia. Wageni waliotakiwa na Ferreyra miaka mitatu walipatikana katika juma moja, na Lisandro alikuwa akiwapitisha kwa vikundi kwenye njia ya mbao, anawanong'oneza, anawaonyesha nyayo kisha viota. Kila siku mbili tatu unyayo mpya ulionekana. Watu walitoka mle macho yamewatoka, wakala torta kwa njaa ya mtu aliyenusurika kifo.

Nilifurahi, sisemi uongo. Lakini furaha yangu haijawahi kunifumba macho. Nikaanza kujiuliza mambo. Jagwa gani huyu, mbwa wote wa ukingo wa mto wanalala usingizi mzito? Karpincho wanene, wale wanyama wa mtoni wenye sura ya panya na ukubwa wa mbuzi, wanaota jua penye nyasi kama kawaida yao, hakuna hata mmoja aliyeliwa. Na kila aliyetoka nilimuuliza unyayo ulikuwa wa mguu gani, na kila mmoja alinijibu ni wa kulia, wa mbele.

"Pocha," nikamwambia, "huyu mnyama ana mguu mmoja?"

"Labda anaruka," akasema Pocha.

"Anaruka kwa mguu mmoja kutoka Paraguay mpaka hapa."

"Wewe Delmira hata Bwana Yesu akirudi utamwomba kitambulisho."

Aseme atakavyo. Mtu pekee aliyekuwa akishinda humo ndani siku nzima ni Lisandro, na nyayo zilianza tangu aje yeye. Nikafunga hesabu yangu. Kijana wa mji mkuu, mlinzi wa mahali panapokaribia kufungwa, anahitaji wageni ili asipoteze kazi. Au mbaya zaidi, katumwa na hao wa nyumba za kifahari, na mimi bado sijaona ncha ya njama yenyewe. Nikaamua kuingia kwenye tope.

Nilimsubiri Evaristo arudi na mtumbwi, akavua buti, akajinyoosha kitandani. Nikamwambia naenda kununua mafuta. Nikaingia kwa upande wa miti ya mierebi, viatu mkononi, baridi ya tope inanipanda mpaka magotini, mbu wananila kama wamelipia. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linachomoza. Na pale karibu na jukwaa, nikamwona.

Lisandro alikuwa ameshika tawi la mwerebi lenye majani, anafagia tope. Anafagia, anarudi nyuma hatua moja, anafagia tena, kisha anainua kichwa na kutazama huku na huku kama mwizi wa kuku. Alipomaliza akalitupa tawi majini, akajifuta mikono kwenye suruali, akaondoka akipiga mluzi.

Nilingoja apotee, nikasogea. Unyayo mpya ulikuwa pale, mzuri, mbichi, peke yake katikati ya tope lililosafishwa. Kidole cha nje kilikuwa kimepinda kuelekea ndani. Nikasimama nikiutazama na kitu kikawa kinanikereketa, kwamba kidole hiki nimekiona mahali, lakini hasira ilinijaa nikashindwa kufikiri sawasawa. Nimempata, nikasema. Nimempata mla sukari.

Sikupitia nyumbani. Nilinawa miguu kwenye bomba la uwanjani, nikaenda moja kwa moja ofisini kwa Ferreyra. Nilijiandaa kugombana na karani ili niruhusiwe kuingia, lakini Ferreyra mwenyewe alitoka kunipokea, akanivutia kiti, akaniletea kahawa. Hapo mkono wangu ukasita. Miaka yote hiyo mtu huyu hakuwahi kunisalimia hata anaponunua empanada.

"Doña Delmira, najua umekuja na hofu," akaanza kabla sijafungua kinywa. "Ondoa wasiwasi. Jumamosi tunachoma matete yote. Mnyama akitoka tunamuua, asipotoka anaungua. Usalama wa wananchi kwanza."

"Matete yote?"

"Mpaka majini. Na eneo likishasafishwa, mjadala wa hifadhi umekwisha. Huwezi kuhifadhi majivu, au siyo?" Akacheka.

"Na ndege?"

"Ndege wana mabawa."

"Makinda hayana."

Akanitazama kidogo, kisha akasogeza kiti chake. "Nisikilize. Wazee wa baraza wamo wanaosita. Ungesimama wewe, mama mwenye heshima yake, mtu wa pale pale langoni, ukasema umemwona jagwa kwa macho yako, wangetulia. Mtaa mpya utakuwa na lango lake. Pale langoni nakuona wewe, kwenye kibanda cha matofali, chenye maji ya bomba na umeme."

Nilikwenda kumshitaki mwongo mmoja, nikakuta mwongo mwingine kavaa tai. Mtu anayenipa kibanda cha matofali bila kuombwa nitamwambiaje lolote? Nikanywa kahawa yake, nikamjibu kwamba nitafikiri, na jina la Lisandro sikulitaja. Si kwamba nilimsamehe. Sikutaka tu Ferreyra apate kitu chochote kutoka kwangu, hata kilicho kweli.

Nilirudi nyumbani kichwa kinaniuma. Mimi nikiwa na mawazo hufagia, basi nikafagia. Nikafagia jikoni, chini ya meza, kando ya jiko, nikafika nyuma ya mlango, nikainua macho.

Ule mguu wa jagwa, ambao babu yake Evaristo alimkata mnyama aliyemuua juu ya magugu maji nyuma ya kanisa, umening'inia pale tangu niingie nyumba ile nikiwa bibi harusi. Umefungwa utepe mwekundu. Nimeupangusa vumbi kila wiki kama watu wanavyopangusa sanamu ya mtakatifu. Utepe ulikuwa umelowa. Katikati ya vidole kulikuwa na tope bichi. Na kidole cha nje, kilichopinda kwa risasi ya babu, kilikuwa kinaniangalia.

Nikakaa chini sakafuni na ufagio wangu. Nilimshuku padri, nilimshuku Pocha, nilimshuku kijana wa watu kwa sababu ya sukari. Mtu anayelala ubavuni mwangu sikumfikiria hata kidogo, na hilo liliniuma kuliko uongo wenyewe, kwa sababu lilimaanisha kwamba kumbe kuna mtu mmoja duniani niliyekuwa namwamini na sikujua.

Alipoamka akanikuta pale pale.

"Mzee," nikamwambia, "huyu jagwa wa babu yako siku hizi anatoka matembezini?"

Hakujitetea. Alivuta kiti, akakaa, akauweka mguu wake mbovu mbele.

"Watu walikuwa hawaji, mama. Nikasema wakiona unyayo watakuja. Na wamekuja. Umewaona mwenyewe. Ferreyra atafungaje mahali pamejaa watu?"

"Atachoma. Jumamosi. Matete yote, mpaka majini. Nimetoka ofisini kwake."

Nimeishi na Evaristo tangu tukiwa vijana, nimemwona akizika wazazi, nimemwona akishonwa mguu bila ganzi. Sijawahi kumwona uso ule.

"Makinda hayajaruka," akasema.

"Najua."

"Yanataka kama wiki tatu tena."

"Najua, Evaristo."

"Nitakwenda kusema ni mimi."

"Ukisema ni wewe wanakunyang'anya ruhusa. Umeuvuruga mji wao, umevunja sheria yao, Ferreyra hatangoja hata ufunge mdomo. Alfajiri utakwenda wapi? Utakaa hapa jikoni unanitazama mimi nakaanga?"

Akainamisha kichwa. "Basi waachwe wachome?"

"Na Lisandro? Mnakula njama naye?"

"Sijamwambia mtu. Hata wewe sikukwambia."

"Nilimwona akifagia tope kando ya unyayo. Anafagia nini kama hajui?"

"Sijui, mama. Naapa sijui."

Sikumwamini, kwa sababu siku hiyo nilikuwa nimeamua kutomwamini mtu yeyote mpaka nife. Lakini nilichukua ule mguu, nikaufunga kwenye kitambaa cha vyombo, nikauweka kwenye droo yangu na ufunguo nikautia kifuani.

Jumamosi mji ulihamia langoni. Lilikuja gari la zimamoto, yakaja mapipa ya dizeli, Ferreyra akavaa fulana ya rangi ya chungwa juu ya tai yake. Upepo ulikuwa unavuma kutoka mjini kwenda mtoni, sawasawa na walivyotaka. Yangeyange walikuwa wanapanda na kushuka juu ya matete wakiwaletea wana wao samaki, hawana habari. Mbele ya matete yale alikuwa amesimama Lisandro, mikono kifuani.

"Ondoka hapo," Ferreyra alikuwa anamwambia. "Wewe ni mwajiriwa wa baraza."

"Ndiyo maana nimesimama hapa. Nimeajiriwa kulinda."

"Umeajiriwa kutii."

Upande wa pili nilimwona Evaristo anasukuma watu kwa bega, anakwenda kwa Ferreyra. Nikajua anachokwenda kusema. Mimi nina miguu miwili mizima, yeye ana mmoja na nusu. Nilimpita.

Siku hizo za wageni nilikuwa nimekipaka kibanda changu rangi ya samawati. Nilikitazama mara moja wakati napita. Nilikipenda kile kibanda kuliko ninavyowapenda baadhi ya ndugu zangu, na nilihisi uchungu wa kweli, wa kwenye mbavu, kama mtu amenikanyaga. Kisha nikafungua kitambaa mbele ya Ferreyra.

"Jagwa wenu huyu hapa," nikasema. "Acheni kumtafuta."

Mkuu wa zimamoto, jitu lenye masharubu, akainama akaunusa ule mguu.

"Wa nani huu?"

"Wangu mimi. Nyayo zote nimezipiga mimi."

"Kwa nini?" Ferreyra alikuwa amekwiva uso.

"Torta zilikuwa haziuzwi."

Pocha akaangua kicheko, na nyuma yake mji mzima. Hakuna aliyehitaji ushahidi. Kwa miaka yote nilikuwa nimewauzia torta nyembamba kwa bei nene, na uongo wangu uliwaingia kama ukweli waliokuwa wakiungoja. Evaristo akafika, anahema.

"Si kweli," akasema. "Ni mi..."

"Wewe nyamaza, kaangalie mafuta yasiungue," nikamkatiza. "Mwanamume gani asiyejua mkewe anafanya nini asubuhi?"

Wakacheka tena. Ferreyra hakucheka.

"Onyesha," akasema. "Ingia upige mbele yangu. Wewe hujawahi kukanyaga humo ndani, kila mtu anajua."

Nikavua viatu. Nikashuka kwenye tope mbele ya mji mzima, sketi nimeikunja mkononi, na njia niliijua kwa sababu nilikwisha kuipita nikimwinda Lisandro. Nikachuchumaa. Nikaukandamiza mguu ule kwa uzito wangu wote, nikauinua polepole. Unyayo ukatoka na kidole chake kilichopinda. Mkuu wa zimamoto akaja, akautazama ule wa zamani na huu mpya, akavuta masharubu.

"Ndio huo huo," akasema. Akamgeukia Ferreyra. "Amri yangu inasema kuna mnyama wa hatari. Mnyama hayupo. Mimi siwashi."

"Nakwambia washa."

"Washa wewe. Kiberiti hiki hapa."

Ferreyra alikitazama kile kiberiti, akawatazama watu, wengine walikuwa wamepandisha watoto mabegani wanawaonyesha makinda. Hakukishika. Alinigeukia mimi badala yake.

"Kibanda kiondoke kesho," akasema. "Na langoni hapa huuzi tena, hata pipi. Maisha yako yote."

"Nimesikia," nikasema.

Jumapili nilikwenda kuchukua karai langu. Evaristo alikuwa majini tangu alfajiri. Usiniulize tulisemezana nini, maana hatukusemezana. Aliniandalia tu yerba chungu ninayoipenda kabla ya kutoka, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu tuoane, na nikaiangalia kwa mashaka dakika nzima kabla ya kuinywa.

Pale langoni watu walikuwepo. Si wengi kama wa jagwa, lakini walikuwepo. Walikuwa wanauliza ni wapi yule bibi wa torta alipokwama kwenye tope. Walikuja kunicheka mimi, ila waliingia, wakaona viota, na nilimsikia mmoja akisema atarudi makinda yakianza kuruka. Kuhusu mtaa wa kifahari, wazee wa baraza waliahirisha kikao. Kuahirisha si kufuta, nami Ferreyra namjua.

Lisandro alikuwa amekaa juu ya gogo nyuma ya kibanda, birika miguuni, mkebe wa sukari pembeni. Nikaweka karai chini mbele yake.

"Nilikuona," nikamwambia. "Na tawi. Ulikuwa unafagia nini?"

"Nyayo za buti, doña Delmira. Buti la kulia, na mfuo wa mguu wa kushoto unaoburutwa. Zilikuja mpaka kwenye unyayo wa jagwa na kurudi mpaka kwenye mtumbwi. Kila safari."

"Tangu lini?"

"Tangu wa kwanza. Jagwa wa kuchechemea na buti ningemweleza vipi kwa wageni?"

"Na ulinufaika nini?"

Alifikiri. Nilimwona akifikiri, na nilitafuta usoni mwake jibu zuri lililoandaliwa, sikulipata.

"Siku niliyofika," akasema, "don Evaristo alinipeleka ziwani kwenye mtumbwi wake. Akanitajia kila mtu wa mji huu, kwa jina na kwa tabia, ili nisiwe mgeni. Kwako alisema nikuletee yerba, na kwamba utakataa."

"Kumbe majina aliyatoa kwake," nikajisemea.

Alijaza kibuyu. Akatia sukari, kijiko kizima, bila aibu. Akanyoosha mkono kama siku ile ya kwanza, na safari hii hakusema karibu wala lolote. Mrija ulikuwa umetoka kinywani mwake sasa hivi tu.

Nilikaa kwenye gogo, nikakipokea. Ilikuwa tamu kupita kiasi, meno yote yaliniuma. Nilivuta mpaka maji yakaisha na mrija ukakoroma. Ng'ambo ya matete niliuona mtumbwi wa Evaristo umesimama, na yeye ndani yake, anatazama.

Nikamrudishia Lisandro kibuyu. Asante sikusema.